Boila Moja, Wakwe Wawili

Ndugu zangu, isomeni hii kabla hamjanuniana tena na wakwe zenu. Nami nimetumiwa tu, nikaona nikikaa nayo peke yangu nitakuwa mchoyo.

Huko milimani upande wa Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, aliishi dereva wa lori la chai aitwaye Asajile, na mkewe Subilaga. Baba yake Asajile, Mzee Ambakisye, alikuwa akikaa peke yake kijijini, juu zaidi, katika nyumba inayopitisha upepo kila pembe. Mwaka huo kifua kilimbana mpaka akalazwa. Daktari alimwambia Asajile bila kuficha kwamba mzee akirudi kwenye ile baridi, na kuoga yale maji ya baridi, msimu ujao hatauona.

Asajile akamleta baba kwake. Nyuma ya nyumba akajenga boila la kuni: jiko chini, tangi la chuma juu, bomba moja la kuingia bafuni na jingine la kupita ukutani mwa chumba cha mzee ili kipate joto. Chini ya jiko kulikuwa na kidirisha cha hewa. Ukikifungua, moto unachachamaa, na ukikifunga, moto unalegea. Tatizo la boila lile ni uzito wa kusikia. Unagusa kidirisha sasa, maji yanabadilika baadaye sana, wakati wewe umeshaanza mambo mengine.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Si chuki, ni heshima, na wameishika tangu mababu. Anayetaka kuzunguka nyuma ya nyumba hukohoa kwanza, mwenziwe akajitenga. Mwenye neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu hapo nyumbani alikuwa Asajile, naye juma zima yuko barabarani. Tena hili lilikuwa neno la kuoga, jamani. Nani atalianza?

Jioni moja Subilaga aligusa maji ya bafuni akayakuta ya uvuguvugu. Akakiwaza kifua cha mzee, akaenda kufungua kidirisha. Akagusa tena, akaona maji ni yale yale, basi akakifungua chote na kuongeza gogo. Mzee alipoingia kuoga, maji yakamuunguza bega.

Akaruka pembeni. Aliogopa, lakini hakujiogopea yeye. Alimwogopea mjukuu wake Tumpe, mtoto mchanga, aliyekuwa akiogeshwa kwa maji ya bomba lile lile. Hakujua kwamba Subilaga huyapooza kwanza kwenye beseni. Alfajiri, muda mrefu kabla mtoto hajaogeshwa, mzee akakohoa, akazunguka nyuma, akakifunga kidirisha.

Kulipokucha Subilaga akafungua bomba, maji yakatoka baridi. Moyo ukampasuka. Mgonjwa wa kifua anaoga haya? Akakohoa, akazunguka, akafungua.

Ikawa ndiyo kazi yao. Huyu anakohoa na kufungua, yule anakohoa na kufunga. Wakipishana hapo nyuma kwa adabu kubwa, mmoja anarudi nyuma ili mwingine apite. Na kwa kuwa maji yalichelewa kufuata moto, kila mmoja alioga maji ya mkono wa mwenzake. Mzee aliungua kila jioni, na Subilaga alitetemeka kila asubuhi.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa nao. Mzee alianza kuwaza kwamba mkwe wake anajua fika kuwa yeye anafunga, ila anafungua makusudi, maana amemchoka na adabu zinamzuia kumfukuza. Subilaga naye akawa analia jikoni. Kwake yeye, mzee alikuwa akizima moto ili aonekane mke asiyejua kumtunza mkwe. Jumamosi Asajile akirudi na kuuliza habari za nyumbani, kila mmoja anamjibu kwamba hakuna neno. Naye akaridhika. Wanaume tunaridhika haraka.

Jumamosi moja akamkuta baba amevaa koti, mfuko umefungwa, anarudi kijijini. Asajile alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Nyumba hii ina mwenyewe, mwanangu," mzee alisema. "Niache nikafie kwangu."

Asajile aliyakumbuka maneno ya daktari. Lakini baba akishasema hivyo, mtoto atafanya nini? Akauchukua mfuko kuelekea kwenye lori, machozi yanamtiririka.

Subilaga alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, Tumpe mkononi, na alisikia yote. Akinyamaza, mzee anakwenda kufa. Akisema, ameivunja heshima ya ukoo mbele ya mumewe. Akatoka hadi kizingiti cha kuingia uani. Kisha akaupa ua mgongo, akamwinua mtoto mbele ya uso wake, na kupaza sauti.

"Tumpe mwanangu, mwambie babu yako."

Mzee Ambakisye alisimama. Tumpe wakati huo hajui neno hata moja, kazi yake kunyonya na kulala.

"Mwambie nilikuwa nafungua kile kidirisha kwa ajili ya kifua chake. Sikuwa na sababu nyingine. Kama nimekosa anikaripie, lakini asituache."

 Asajile hakuthubutu hata kuuweka mfuko chini. Mzee naye akageuka, akautazama mgomba uliokuwa mbele yake, akajibu kwa sauti iliyokatikakatika.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako nilikuwa nakifunga kwa ajili yako wewe. Maji yaliniunguza mimi mwenye ngozi ngumu, nikaogopa yatakufanya nini wewe."

Subilaga aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Mzee akaivuta kofia mpaka machoni. Asajile, mtu wa tatu mwenyewe, ndiye pekee aliyekosa la kusema. Akaurudisha mfuko ndani.

Tangu siku hiyo kidirisha kinaguswa na mkono mmoja, wa Subilaga. Jioni mzee huita kutoka bafuni kwamba Tumpe amwambie mama yake maji yamekuwa makali kidogo. Kutoka jikoni hujibiwa kwamba Tumpe amwambie babu yake hewa imepunguzwa, asubiri. Basi wanasubiri, na maji yanakuja mazuri. Heshima ya ukoo haijavunjika, na mzee ameuona msimu wa baridi aliohofiwa hatauona, na mwingine baada ya huo.

Tumpe naye alipoanza kusema, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "mwambie".

Funzo: Kabla hujaamini kwamba mwenzako anakuumiza makusudi, tafuta njia ya kumwambia maji yanakufikiaje, kisha mpe muda, kwa maana heshima isiyopitisha neno la upendo inaweza kumfungasha mtu virago katika nyumba anamopendwa.