Chujio Nyuma ya Droo ya Marehemu

"Woga wa mzazi huvutwa na mwana."

Bi Hadiya aliyasema maneno hayo kwenye simu, akimjibu mpwa wake aliyekuwa akiahirisha kumpeleka mtoto hospitali kwa kuogopa atakachoambiwa. Alipokata simu akarudia kuchambua mchele wake. Wajukuu wawili waliokuwa naye jikoni, Sikudhani na Mbaraka, wakatazamana.

"Bibi, woga unavutwaje?" akauliza Mbaraka. "Ni sigara?"

"Heri ingekuwa sigara, moshi wake ungeonekana. Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Imezaliwa hapa hapa Dodoma, uani kwa wifi yangu Mwasiti, nami nilikuwapo. Kaeni niwasimulie. Na nikifika mahali ninapoingia mimi, msinicheke."

Chanzo chake kilikuwa hiki.

Mwasiti aliolewa na Athumani, mdogo wake Bi Hadiya. Athumani alinunua gari la umeme wakati mtaa mzima haujapata kuliona gari la namna hiyo. Halikunguruma. Lilipita karibu na kuku na kuku wasishtuke, hata wanawake waliopanga ndoo bombani wakaliita gari la jini. Athumani alicheka tu. Ila alimwonya mkewe jambo moja: chini ya boneti mlikuwa na nyaya nene za rangi ya machungwa. "Hizo usiziguse kamwe," alimwambia. "Umeme wake hauna msamaha." Mwasiti aliogopa kupita alivyoonywa. Tangu siku hiyo aliliona gari zima kuwa ni waya mmoja.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano Athumani akashikwa na homa, na siku ya nne akazikwa.

Mwasiti akakaa eda. Miezi minne na siku kumi gari lilisimama uani chini ya turubai. Eda ilipokwisha, ndugu walisema alitumie kumpelekea mtoto shuleni, lakini vitu vya marehemu vilivyomo kwenye droo ya dashibodi visiguswe mpaka kaka yao mkubwa arudi kutoka Msumbiji na kikao cha mirathi kikae. Ndivyo walivyofanya katika ukoo wao: kitu cha marehemu hakifunguliwi na mkono mmoja. Bi Hadiya mwenyewe ndiye aliyeifunga droo ile kwa utepe wa gundi, pande zote, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukashika.

Mwasiti hakupinga. Ndani ya gari mlikuwa bado na harufu ya udi aliokuwa akijifukiza Athumani kila Ijumaa. Kwa hiyo aliendesha vioo vikiwa juu na kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile ya ndani, ili harufu ile isimtoroke.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya udi. Wiki ya pili ikaingia na harufu ya unyevu, kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Kisha ikaja sauti. Kila alipowasha feni, nyuma ya droo palichakacha, taratibu, kama vidole vya mtu anayepekua karatasi zake. Katika gari lingine injini ingeifunika sauti hiyo. Gari hili lilikuwa kimya, na Mwasiti aliisikia kutoka nyumbani mpaka shuleni, mikono imekaza usukani, asithubutu kutazama kushoto.

Na Tunu, binti yake wa miaka minane, akaanza kukohoa. Alikuwa na pumu tangu uchangani, lakini ilikuwa imelala. Sasa kila asubuhi alishuka shuleni kifua kikipiga mluzi, na pampu yake ya dawa iliyotosha miezi ikawa inakwisha kabla ya mwezi. Daktari akamuuliza Mwasiti, "Kuna kitu gani anachokivuta kila siku?" Mwasiti akajibu kwamba hakuna.

Akaenda kwa Bi Hadiya, akamweleza yote, mchakacho na harufu. Bi Hadiya akaupeleka mkono kifuani.

"Baba yake anamtaka," akanong'ona. "Tufanye kisomo. Na ile droo, Mwasiti, usiiguse. Kabisa!"

Wakafanya kisomo. Mchakacho haukukoma.

Mwezi wa kumi ukaja na upepo wake. Asubuhi moja vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba magari yaliwasha taa. Mwasiti aliongeza feni. Harufu ikajaa. Tunu alikuwa akisimulia habari za mwalimu wao, akakatiza neno katikati. Mwasiti aligeuka akamwona mtoto ameinua mabega, mdomo wazi, midomo imeanza kupoteza rangi.

Alisimamisha gari kando ya barabara, akamtoa nje, akampulizia dawa mara mbili, akamfunika uso kwa mtandio. Upepo uliwapiga michanga. Akahesabu pumzi za mwanawe kama mtu anayehesabu hatua za mwizi. Taratibu, mle mle katika vumbi, mabega ya Tunu yakashuka.

"Mama," alisema alipoweza, "nje nafuu."

Mwasiti akatazama vumbi lile jekundu, kisha akatazama gari lililofungwa vizuri.

"Ndani kunanuka," Tunu akaendelea. "Shangazi anasema ni baba. Si baba. Baba hanuki hivyo."

Siku ile alimlaza Tunu kwa jirani, akampigia simu Ndahani, fundi rafiki wa Athumani, aliyekuwa safarini Kondoa.

"Shemeji, hiyo ni filta ya kiyoyozi, lile chujio la hewa," fundi akasema. "Iko nyuma ya droo. Inabadilishwa hata nyumbani."

"Na umeme?"

"Umeme mkubwa haupiti hapo. Zima gari, ufunguo uweke ndani ya nyumba, acha mlango wazi robo saa. Vaa barakoa na glavu. Ukiona waya wa machungwa, acha, nisubiri. Usipouona, endelea."

Alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa gari, ukucha wake ukiwa kwenye ncha ya utepe, Bi Hadiya alipoingia uani.

"Mwasiti! Umethubutu? Mali ya maiti hiyo!"

"Wifi, maiti hakohoi," Mwasiti akasema. "Anayekohoa ni Tunu."

"Na kikao? Watasema nini?"

"Wataniuliza, nitajibu. Tunu akifa nitamjibu nani?"

Bi Hadiya naye alikuwa akiogopa. Alisimama nyuma ya mlango uliofunguliwa, akaushika kama ngao.

Utepe ulitoka kwa kelele. Mwasiti akavitoa vitu kimoja kimoja akiviweka juu ya kanga: kofia, tasbihi, miwani, risiti zilizofifia. Chini kabisa palikuwa na boksi bapa. Ndani yake, katika nailoni isiyochanwa, mlikuwa na chujio jipya, jeupe kama karatasi. Juu ya boksi Athumani alikuwa ameandika kwa kalamu: *Mwezi wa sita, kabla ya vumbi.*

Mwasiti akaliweka boksi lile kando, peke yake.

Mwasiti akabana kuta mbili za droo kama alivyoelekezwa, ikashuka ikaning'inia. Alifumba macho, kisha akajilazimisha kuyafungua. Hakukuwa na rangi ya machungwa. Palikuwa na kifuniko cheusi chenye vibanio viwili. Mkono wake ulikataa. Akaushika kwa ule mwingine, akaupeleka. Kifuniko kikachomoka, akavuta.

Kilichotoka hakikuwa chujio tena. Kilikuwa kiota cha panya: sufi ya godoro, majani makavu, vipande vya karatasi, mavi, na chini yake ukungu wa kijani uliojaa katika kila mkunjo. Majani yale ndiyo yaliyochakacha kila feni ilipovuma. Panya waliingia gari lilipokaa eda pamoja na Mwasiti.

Mwasiti akapangusa ndani kwa kitambaa chenye dawa, mara tatu. Akapachika chujio jipya, mshale wa hewa uliochorwa ubavuni ukitazama chini, akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha akaleta ufunguo, akawasha feni, akakaa akisubiri.

Hapakuchakacha kitu. Hapakunuka kitu. Hata udi haukuwapo. Hapo ndipo alipoinamia usukani akalia, kwa maana sasa Athumani alikuwa ameondoka kweli.

Kesho yake Bi Hadiya alipanda nao kwenda shuleni. Alikaa nyuma na Tunu, kiganja chake juu ya kifua cha mtoto njia nzima, akisubiri ule mluzi. Walifika. Tunu akashuka akikimbia, hata kwaheri akaisahau. Bi Hadiya akabaki amekitazama kiganja chake.

"Utepe niliubandika mimi," akamwambia Mwasiti. "Mimi niliogopa maiti, wewe uliogopa waya na kumpoteza mumeo mara ya pili. Wala hatukuumwa sisi. Woga wetu aliuvuta mwingine."

Jikoni, mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Mbaraka hakucheka.

"Bibi," Sikudhani akauliza kwa sauti ndogo, "yule mpwa wako, atampeleka mtoto?"

Bi Hadiya akafuta mikono, akachukua tena simu, akapiga. Ilipopokewa hakusalimia.

"Nimekuuliza ni lini, hukunijibu. Vaa, nakuja twende leo. Woga wa mzazi huvutwa na mwana."