Gome la Upande wa Macheo

Mtu mmoja alikuwa na mti wa dawa. Alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Savaii, huko Samoa, jina lake Fetuao, na gome la mti huo lilishusha homa za watoto. Hakumtoza mtu chochote. Mti aliurithi kwa mama yake pamoja na sharti moja: gome hubanduliwa kwa upana wa kiganja, kwanza upande wa macheo, kisha upande wa machweo, na kisu hakirudi mpaka kidonda kifunge. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa.

Mlimani aliishi Sepela, mwenye mti kama huo. Ukoo wa kila mmoja wao ulidai kwamba ule mwingine ndio ulioiba dawa, na wanawake hao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka tisa.

Mwaka mmoja homa ikaingia kijijini. Fetuao alitibu watoto kumi na mmoja, na mti wake ukabaki na vidonda vibichi pande zote mbili. Ndipo mjukuu wake, Losa, akaanza kuchemka mwili.

“Mama, kata!” binti yake alimwambia. “Au mjukuu wako ni huo mti?”

Fetuao alichukua kisu akaenda mtini. Gome lililobaki lingemtosha Losa, lakini mti ungekufa, na mtoto wa kumi na tatu asingepata kitu. Alijua pia mahali palipokuwa na gome zima. Akakirudisha kisu, akambeba mtoto mgongoni, akaupanda mlima.

Sepela alikuwa akifagia uwanja. Alisimama akaegemea ufagio.

“Lo! Kumbe miguu yako inaijua njia hii? Umekuja kuiba tena?”

Fetuao aliketi chini, palepale penye takataka za ufagio.

“Nimekuja kuomba, dada yangu.”

Sepela alimtazama mtoto. Akauweka ufagio, akaenda kwenye mti wake, ambao haukuwa na kidonda hata kimoja kwa kuwa ni wachache waliofika huko juu. Akabandua kiganja kimoja upande wa macheo, akatwanga, akamnywesha mtoto kwa mkono wake. Siku ya tatu Losa aliomba magimbi.

Miti yote miwili ingali hai. Mmoja ukiwa na kidonda, wagonjwa huelekezwa kwenye mwingine.

Nanyi mnaonisikiliza, mna mgonjwa nyumbani: ni mlima gani huo mliokataa kuupanda?