Bomba la Mweta

Hapo zamani, si ile ya kuku kuwa na meno, ni hii ya juzi ambayo bibi zetu wanaikumbuka, kijiji cha Mbaramwe kule Usambara kilikuwa na pikipiki moja tu. Ilikuwa kuukuu, na mwenyewe alikuwa Mzee Shebughe. Barabara nayo ilikuwa moja, na katikati yake kona iitwayo Kwemhunge: kulia ukuta wa mlima, kushoto korongo, na ukungu mchana kutwa.

Pikipiki ile ilipofika Kwemhunge ilikataa kukata kona. Ukiilaza kulia, kichwa kinakubali, kiuno kinakataa. Mweta, mtoto wa kiume wa Mzee Shebughe, aliilaza hivyo Ijumaa moja mchana, ikaenda naye korongoni. Yeye walimpandisha kwa machela, ameshakata roho. Pikipiki waliipandisha kwa kamba, haina hata mkwaruzo.

Watu wakasema ni jini. Watu bwana! Wasichokijua, jina lake jini.

Kidawa, dada yake Mweta, alikuwa mkunga. Ng'ambo ya Kwemhunge kulikuwa na vitongoji vitatu, na kwa miguu ni nusu siku. Mwaka ule alikwenda mara mbili kuzalisha, na mara zote mbili akakuta mama ameshafunikwa shuka. Aliitaka pikipiki ile mpaka akawa anaiota. Akaiomba.

Baba yake akasema mbele ya majirani, "Atakayeiponya hii, ikapita Kwemhunge ikaenda na kurudi, ni yake. Ikishindikana, naizika."

Kidawa akamwendea Kaoneka, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Kaoneka akalibana tairi la mbele kwa mawe mawili, akamwambia Kidawa ausukume usukani. Tairi likatulia palepale, lakini kiti kikajipinda.

"Umeona?" akasema Kaoneka. "Jini lenu hilo. Chesisi, mifupa yake hii ya chuma, inacheza. Kichwa kinakwenda sokoni, kiuno kimebaki nyumbani. Inataka kukazwa."

Akaikaza kwa nondo. Kidawa akapanda, akaenda. Kwemhunge pikipiki ikajipinda, nondo ikalia, ikakatika. Kidawa akarudi anaikokota.

Akaikaza kwa chuma cha kitanda. Kidawa akapanda, akaenda. Kwemhunge pikipiki ikajipinda, chuma kikalia, kikakatika. Kidawa akarudi anaikokota, na safari hii magoti yanavuja damu.

Kaoneka akainama chini ya tangi kwa muda mrefu. Akainuka na uso mwingine. "Mzee Shebughe, hapa palikuwa na bomba lililoshika shingo na kiuno. Limekatwa kwa msumeno. Nani alilikata?"

Mzee akakaa chini. "Mimi. Nilitaka nafasi ya kuning'iniza debe la maziwa. Niliona bomba halina kazi."

"Liko wapi?"

Mke wa mzee, Mama Mweta, ndiye aliyejibu: "Liko kichwani kwa mwanangu."

Kumbe siku ya maziko mzee alitafuta chuma cha kuwekea alama ya kaburi, akaona bomba la pikipiki aliyoipenda marehemu linafaa. Akalisimamisha pale kwa machozi, hajui kwamba anamwekea mtoto kichwani kitu kilichomuua kwa kukosekana kwake.

Kitu cha kaburini hakirudi nyumbani, hilo Mbaramwe hata mtoto wa kunyonya analijua. Lakini Mama Mweta alimtazama binti yake, akayatazama yale magoti. Akaenda peke yake, adhuhuri, akaling'oa. Alisema baadaye kwamba liling'oka bila kuvutwa, na shimo lilikuwa na joto.

Kaoneka akalichomelea mahali pake pa asili. Likakaa bila kupigwa nyundo hata moja.

Kidawa akapanda, akaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Kabla tu ya Kwemhunge, pikipiki ikawa nzito nyuma. Akasikia mikono miwili inamshika kiunoni, baridi, inanuka udongo. Hakugeuka. Aliogopa, jamani, msimwone jasiri! Akailaza kulia, na aliyekuwa nyuma akalala naye kulia. Kichwa kikakubali, kiuno kikakubali. Akaenda, akarudi, na kurudi kulikuwa vilevile.

Uani akashuka. Kwenye gauni, kiunoni, kulikuwa na alama za viganja vya tope.

Kaoneka akasema, "Ni yangu. Nyinyi mlikuwa mnatafuta jini, mimi nikaona ugonjwa nikautibu."

Kidawa akasema, "Ni yangu. Mara tatu nimeipeleka kwenye kifo, wewe fundi ukiwa umekaa kivulini."

Mama Mweta akasema, "Si yenu. Chuma ni cha Mweta, na hayo matope mnayajua ni ya nani. Amempitisha dada yake mahali ambapo yeye hakupitishwa na mtu. Sasa kaburi la mwanangu halijulikani kati ya mengine. Nirudishieni bomba lake!"

"Ukilitoa, itaua tena," akasema Kidawa.

"Na nisipolitoa, yeye atalala wapi?"

Wakamgeukia Mzee Shebughe. Yeye aliyeahidi ndiye aliyekata, naye akawapa mgongo.

Hapo akaingia mtu anahema, ametoka ng'ambo ya Kwemhunge: mkewe ana uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Kidawa akashika usukani. Mama yake akashika bomba. Kaoneka akashika spana. Na kiti cha nyuma, kisicho na mtu, kikabonyea taratibu, kama mtu anapokaa akingoja safari.

Haya, nyinyi mliokula hadithi yangu bila kuchangia hata kikohozi, amueni, na anayetaja jina alitaje kwa adabu, maana mmoja wao sijui amekaa upande gani wetu. Je, nani alistahili pikipiki ile?