Kiongozi Asiyegeuka Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Hee, hiyo ndiyo sauti yenu yote? Mmekula upepo leo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale, ng'ambo ya bahari zote, kwenye milima ya mawe mekundu, waliishi Waapache, watu wa kuhamahama. Kati yao alikuwapo bwana mmoja, Itsaa, mpole, mchache wa maneno. Alimwoa Nailin akahamia kwao Nailin, maana kule mume ndiye anayehama.

Lakini kulikuwa na jambo. Mwanamume hakuruhusiwa kumtazama mama mkwe wake. Hata kidogo! Wala kusemezana naye. Mama akija huku, mkwe anakimbilia kule. Mnacheka? Kule hiyo ndiyo heshima, na wazee walisema anayemtazama mama mkwe hupofuka.

Basi Itsaa akaishi miaka na mama asiyemjua hata pua. Akiua paa, nyama nono anaiweka mlangoni kwa mama, anakohoa, kho! kho! kisha mbio. Mama Nailin anaichukua, anamwambia binti yake, "Mwambie mumeo, leo hakuleta mifupa mitupu." Hiyo ilikuwa sifa, jamani!

Mwaka mmoja kiongozi wao alizeeka, akasema amechoka. Mwaka huohuo theluji ya milimani ikayeyuka ghafla, mto ukajaa, vuuu! vuuu! Watu walikuwa wakihama, wakivuka. Itsaa alikwisha kuvuka, amegeuza mgongo kwa adabu, maana nyuma anakuja mama mkwe juu ya farasi. Katikati ya mto farasi akateleza. Chubwi! Farasi akajikwamua akatoka. Mama akabaki amekumbatia mwamba, maji yanampiga kifuani.

"Itsaa!" Nailin akapiga yowe. "Mama anakufa!"

Alikuwapo na Chaa, mtu wa maneno mengi, aliyeutaka uongozi kuliko chakula. Akasimama ukingoni, "Leteni kamba! Leteni gogo! Fanyeni haraka!" Yeye mwenyewe hata kidole hakulowesha.

Itsaa akajifunika blanketi kichwani, akalikaza shingoni.

"Mke wangu," akasema, "maji yakilichukua blanketi hili, nitamtazama. Bora nipofuke mimi kuliko wewe ukose mama."

Chubwi!

Ndani ya blanketi haoni kitu. Nailin anaita, mto unameza sauti yake. Mama yuko karibu, lakini mama hasemi na mkwe. Atafanyaje? Mama akapaza sauti, "We farasi! Kushoto, farasi! Huna masikio?"

Farasi yupi? Farasi alikuwa ng'ambo, anakula majani!

Itsaa akaenda kushoto.

"Mbele, farasi! Si huko, mjinga we!"

Itsaa akaenda mbele.

"Inama nikupande!"

Itsaa akainama, akapandwa.

"Haya twende, na usinitupe kama yule mwenzako!"

Wakafika ukingoni, watu wanalia, watu wanacheka. Mama akateremka, akajificha nyuma ya kichaka, ndipo Itsaa akafunua uso. Macho mazima!

Sasa, Waapache hawakumvika mtu taji. Anayetaka kuongoza huanza kutembea, na wanaomwamini humfuata. Kesho yake Chaa akashika njia ya bondeni, Itsaa akashika ya mlimani. Watu wakatazamana. Mama Nailin akajitwika kikapu chake, akaenda nyuma ya Itsaa. Wengine wakafuata. Jioni hata Chaa akaja, anajifanya alikuwa akitafuta kuni.

Itsaa akaongoza miaka mingi. Aliwapitisha mbali na askari wa kigeni waliokuwa wakiwawinda, akawafikisha kwenye maji, akapatanisha waliogombana. Lakini mama alikuwa nyuma yake, kwa hiyo njiani hakuweza kugeuka. Hakujua ni wangapi bado wanamfuata. Akaogopa kwenda mbio, asije akawaacha wazee. Akaogopa kujivuna, asije akajikuta peke yake. Kila kilima alimwuliza mkewe:

"Nailin, bado wapo?"

"Wapo. Tembea."

Kilima kingine. "Bado wapo?"

"Wapo. Tembea."

Mpaka mama akafariki, mkongwe kabisa, usingizini. Itsaa alimlilia kama mama yake mzazi. Siku ya kuhama ikafika, wakashika njia. Juu ya kilima akauliza kwa mazoea, "Bado wapo?"

Nailin akasema, "Leo unaweza kugeuka, mume wangu."

Itsaa akageuka. Lo! Watu kutoka kilimani hadi bondeni, na huko bondeni bado wanakuja. Familia za milima mingine, wazee wenye fimbo, kina mama na watoto mgongoni. Mzee wa watu machozi yakamtoka.

"Hawa wote?"

"Wote," akasema Nailin. "Tembea."

Basi nyinyi mnaopenda kutangulia mbele za watu, mmesikia. Tembea kama mtu asiyejua kama bado anafuatwa. Hadithi yangu nimeitua hapo hapo, juu ya kilima.