Mitumba ya Bi Saumu

Alikuwako Bi Saumu Kiboga, waziri wa biashara wa nchi ndogo iliyojua kushona mashati lakini haikuwa na pa kuyauza. Siku moja nchi tajiri ikamtuma Bwana Fonteni kupitia upya mkataba wao wa biashara na kuupanua.

"Mashati yenu mapya yataendelea kutozwa ushuru mkubwa kwetu," alisema Bwana Fonteni. "Nanyi mtapokea mitumba yetu bila ushuru. Mkikataa, hata kahawa yenu hatutainunua."

Bi Saumu aliinamisha kichwa. "Wananchi watanisema, mgeni wetu. Nipe angalau neno la kuwapoza. Andika kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa haitatozwa ushuru, itoke kwenu au itoke kwetu."

Bwana Fonteni alicheka hadi akavua miwani. "Ninyi mtuletee mitumba? Nani kwetu atavaa matambara yenu?"

"Hayupo," alisema Bi Saumu kwa unyenyekevu. "Ni heshima tu."

Mgeni akaandika, wote wawili wakatia sahihi.

Haukupita muda, bandari ya nchi tajiri ikajaa mashati yaliyonyooshwa vizuri, vifungo vikimeremeta. Bwana Fonteni akapiga simu akifoka.

"Mitumba gani hii? Mashati haya ni mapya kabisa."

"Si mapya, bwana," alijibu Bi Saumu. "Kila moja limeshavaliwa. Fundi akimaliza kulishona, hulivaa kutoka kwenye cherehani yake hadi kwenye meza ya kupigia pasi."