Ukanda wa Mlango wa Kushoto

Msiniulize nimesikia kwa nani. Nilikuwepo mwenyewe, uwanja wa maonyesho wa Nakuru, kiwiko changu juu ya boneti ya gari lenyewe, na mlinzi alinifukuza mara mbili. Shule ilinishinda darasa la sita, macho hayajanishinda.

Walikuwepo watu watatu. Bi Kavata, kumbukumbu yake haivuji: zamani aliunganisha magari yaliyokuja vipande vipande ndani ya makasha. Mwadime, mshona viti, hufumua ngozi kongwe asikate uzi. Na Ochola, fundi wa kromu, hung'oa ukanda unaong'aa wa mlango wa gari, wa miaka sitini, usipinde. Nawasifu, ila siwaamini. Mwenye kipaji hakosi la kuficha.

Gari lilikuwa la marehemu Mzee Kiptanui, la kifahari, jeusi tii. Alilifufua kwa miaka kumi na mmoja, akafa kabla ya kulitembeza. Mjane wake, Mama Chelagat, hakutaka kombe. Alitaka tu mumewe asiitwe mghushi.

Na alikuwa karibu kuitwa. Jaji, Bwana Githaiga, alikuja na kitabu cha picha za kiwandani, akapima, akaguna.

"Ukanda wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, upana wa kidole. Kiwanda hakikosei, mama. Huu kaubandika mzee wako."

"Milango hakuigusa kamwe!"

"Wote husema hivyo."

Mama Chelagat akatugeukia, machozi yakimlenga. "Atakayeliokoa jina lake ndiye atakayeliendesha gari hili kwenye gwaride leo. Ufunguo ni mmoja."

Bi Kavata akacheka. "Kiwanda gani, mwanangu? Kanda tulizifunga sisi, hapa hapa nchini. Kushoto alikuwa Ngowi, na Ngowi hakuwa na habari na futi, alipima kwa shibiri. Kiganja kama sepetu! Kila alipomaliza kupima alikwaruza samaki kwa msumari pale ukanda utakapokaa. Fungueni."

"Na kama samaki ulimchora wewe?" jaji akamdakia.

"Mimi? Samaki namjua kumkaanga tu."

Lakini skrubu zilikuwa ndani ya mlango, chini ya ngozi ya tangu kiwandani. Ikichanika, gari linatolewa mashindanoni. Mwadime akapiga magoti, akafumua uzi kwa uzi, nami nimemkodolea macho nimfume. Haukukatika hata mmoja.

Skrubu zikafunguliwa, ila ukanda nao ulikuwa umegandana na rangi. Rangi ikibanduka, samaki naye kaenda. Ochola akapitisha uzi wa nailoni nyuma yake, taratibu, kama anayekata ugali. Ukatoka mzima.

Samaki huyo hapo! Mkia, jicho, na vumbi la miaka sitini. Jaji akafunga kitabu chake.

Mikono mitatu ikanyoshwa pamoja.

"Nisingekumbuka, mngetafuta nini?"

"Nisingefumua, skrubu mngezifikia wapi?"

"Nisingeung'oa vile, mngeona nini?"

Honi za gwaride zilikwisha kuanza. Mama Chelagat alikuwa amesimama, ufunguo kiganjani, hajui ampe nani. Mwamulieni nyinyi.

Ila dhamiri yanikereketa: kitu kimoja nimekisogeza. Habari za shibiri Bi Kavata alizisema mwanzo, kweli. Za samaki, hapana. Samaki alimtaja ukanda ulipokuwa unaanza kuachia, naye kasimama begani kwa Ochola. Alikumbuka, au aliona? Sijui, ndipo mlinzi alipokuwa akinifukuza mara ya pili.

Haya, wewe uliyekwisha kuamua: ufunguo bado ungempa yuleyule?