Kamba Yenye Mafundo Mawili

Kulikuwa na mwindaji mmoja, wapendwa, mfupi. Simaanishi mfupi wa kuhurumiwa. Mfupi wa kawaida tu, kama mimi mnavyoniona hapa nyuma ya mimbari. Mama yule pale anacheka. Cheka tu mama, Mungu anakuona.

Basi shida ya huyu bwana haikuwa ufupi, ilikuwa baba yake. Baba yake alikuwa pande la mtu, mikono inakaribia magoti, na watu wa nyika zile walimwita Twiga. Upinde wake ukiusimamisha chini, ncha ya juu ilimpita mtu wa kawaida kichwani. Mwanawe yeye alichukua kimo cha mama. Watani wakawa wanasema Twiga kazaa digidigi, na Twiga mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, maana alimpenda yule digidigi wake, tena sana.

Twiga akafariki. Upinde ukabaki umetundikwa ukutani, mwana akautungua. Nani angemkataza? Mali ya baba yake. Alipopita nao kijijini wazee walivua kofia wakasema, "Loo, Twiga hajafa!" Sasa niambieni kweli, wewe ukiambiwa neno tamu namna hiyo, utaurudisha upinde ukutani?

Ila swala havui kofia, ndugu zangu. Pori la kule ni vichaka na miiba, mtu anamnyemelea mnyama akiwa ameinama. Huyu bwana akiinama, ncha ya juu inanasa kwenye matawi. Akipiga goti, ncha ya chini inachimba ardhi. Na hata akipata uwazi, mkono wake uliishia njiani. Upinde ule ulitaka kuvutwa mpaka lilipokuwa sikio la Twiga. Yeye alivuta mpaka mkono ukaisha, na mti wa upinde ulikuwa haujaanza kukunjika sawasawa. Mshale ukatoka kivivu, ukadondoka mbele ya swala. Mara moja swala aliunusa kwanza, ndipo akaondoka.

Miaka mitatu aliishi hivyo, anakula nyama ya wenzake na kusingizia upepo.

Halafu mke wake akajifungua. Kwa watu wale, mtoto wa kwanza hatolewi nje mpaka baba yake alete ngozi ya swala aliyempiga mwenyewe, ishonwe mbeleko. Siku arobaini zikitimia bila ngozi, wajomba wataingia porini, na mtoto atatoka kwenye mbeleko ya wajomba. Hakuna atakayemtukana baba, hapana. Ila mtoto yule, mpaka azeeke, ataitwa mtoto wa kina mjomba.

Siku ya thelathini na sita yule bwana akarudi mikono mitupu. Mke wake alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka alipomwacha.

"Umempata?"

"Nilimkaribia kabisa, mke wangu. Upepo tu ukageuka."

"Upepo!" Mke akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Siku thelathini na sita nimefungiwa humu ndani, huo upepo mbona hauingii hata dirishani? Kaka yangu kapita leo. Alikuwa ananoa mishale. Nimemwona mwenyewe. Nenda kwa mchonga pinde ukapimwe."

"Nipimwe! Niuache upinde wa baba?"

"Kwani mimi nimeolewa na Twiga, au nimeolewa na wewe?"

Alisema hivyo akamwekea mtoto mikononi. Yule bwana akakitazama kitoto. Kilikuwa na vidole vifupi, vinene, vyake yeye mwenyewe hasa. Akavishika kimoja kimoja, moyo ukamlainika mpaka akaogopa. Akawaza: na huyu akikua, nitampa upinde wa nani?

Asubuhi akaenda. Mchonga pinde alikuwa rafiki wa marehemu, mzee mkali, mvuta ugoro, na kazi yake ilikuwa na sharti moja tu. Hakumwita mteja hata siku moja. Anayetaka upinde huja mwenyewe, husimama mbele yake, hunyoosha mkono na kusema, "Nipime." Miaka mitatu huyu bwana alikuwa akilizunguka banda la yule mzee kwa njia ya mbali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Mtoto anatimiza siku thelathini na saba leo."

"Hilo najua. Sema ulichokuja kusema."

Akauinua upinde wa baba yake. "Nilikuwa naomba... unipunguzie huu. Ukate kidogo huku na kidogo huku."

Mzee akapiga chafya ya ugoro, akajifuta. "Upinde ukiukata unazidi kuwa mgumu. Utakuwa umeharibu upinde wa baba yako, na mkono wako utabaki ule ule. Sema tena."

Mnaona, wapendwa? Alikuwa tayari kuikata kazi ya mtu mwingine, alimradi asiitaje hali yake mwenyewe. Akamkumbuka mkewe kwenye mkeka, akavikumbuka vile vidole. Akauweka upinde wa Twiga chini polepole, akanyoosha mkono, na machozi yakamtoka.

"Mkono wangu ni mfupi, baba mdogo. Nipime."

Yule mzee hakumpima. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwa ngozi ya mbuzi. Akafungua. Ulikuwa upinde wa mti wa mkole, mfupi, unang'aa kwa mafuta, na kamba kuukuu yenye mafundo mawili imeviringwa katikati yake. Mzee akaichukua ile kamba. Fundo la kwanza akaliweka katikati ya kifua cha yule bwana, akaivuta kamba juu ya mkono ulionyooshwa. Fundo la pili likatua kwenye ncha ya kidole, halikupita wala halikupungua.

"Nani alikupa kipimo changu?"

"Baba yako, mwaka ule aliougua. Ulikuwa umelala mchana baada ya palizi, chali, mikono umeitandaza. Akakupima kwa kamba hii. Mama yako alimgombeza kweli kweli, akamwambia mtu aliyelala hapimwi, hupimwa maiti! Twiga akaikunja kamba yake. Akaja hapa kwa fimbo, kutwa nzima njiani, miguu imemvimba. Akaniambia, 'Mchongee digidigi wangu. Ila usimfuate nao. Ukimpelekea atasema baba alinidharau, atautundika. Ngoja aje aseme mwenyewe.' Nami nimengoja, nikaupaka mafuta kila masika. Miaka mitatu! Kichwa kigumu kama baba yako."

Sasa najua mnataka kusikia habari za swala. Alimpata, siku ya thelathini na nane. Siku ya arobaini mtoto akatolewa nje, mbeleko bado inanuka ngozi mbichi, na aliyecheza kuliko wote ni yule mjomba. Wazee wakamzunguka baba mtu, wakamwona na kile kiupinde, wakasikitika. Mmoja akamuuliza, "Mwanetu, upinde wa Twiga uko wapi?"

Akauinua ule mfupi juu. "Ndio huu."

Wapendwa, sisi nasi tumeubeba upinde wa watu tuliowapenda tukidhani ndiyo heshima. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilihubiri kwa sauti ya mchungaji aliyenitangulia, Mungu amrehemu, ile sauti ya radi. Mnakumbuka! Nilikohoa wiki nzima, na hakuna aliyeokoka. Yuko dada humu ndani haombi kwa sauti kwa sababu marehemu mama yake aliomba mpaka mabati yakatetemeka. Dada yangu, mama yako aliomba kwa mkono wake. Wewe watoto wako wako ndani, wanangoja mbeleko, na unaniambia upepo?

Tunadhani siku tutakapomwambia Baba, "Mkono wangu ni mfupi," tutamwaibisha. Tunakuja kwake na maombi ya kukata na kurekebisha: Bwana, punguza hiki, ongeza kile, nifanane na fulani. Tunamwomba kila kitu isipokuwa atupime. Kumbe alitupima zamani, tukiwa tumelala, hatujui hata kujifunika. Upinde upo, umepakwa mafuta. Miaka yote hii unayolizunguka banda kwa njia ya mbali, yeye amenyamaza, na kunyamaza kwake si kukuchoka.

Simameni, tuombe. Nyoosheni mkono. Mzee wangu, si ule wa jirani yako. Nyoosha wako, huo huo mfupi.